Ndege wa Mwisho wa Kiangazi: Nani Awahesabu Kwenye Milango ya Mito ya Rukwa?

Makongolosi inajulikana kwa dhahabu. Ukiutaja mji huu wa Wilaya ya Chunya, ulioko kilomita zipatazo 110 kaskazini mwa jiji la Mbeya, mazungumzo huenda moja kwa moja kwenye maduara, makarasha, marudio na bei ya gramu kwa siku hiyo. Hakuna ajabu. Dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwaka 1922, na tangu hapo imelisha familia, imesomesha watoto na imejenga nyumba. Lakini maji yanayopita katika machimbo haya nayo yana safari yake. Hushuka kwa Mto Lupa na vijito vyake kuelekea magharibi, yakaingia Ziwa Rukwa, na hapo ndipo mwisho wake. Kwenye kingo za ziwa hilo, kuanzia Agosti kila mwaka, hutua ndege waliotoka Siberia na Skandinavia, wakakaa miezi kadhaa pamoja na mwari, korongo na furukombe wa hapa kwetu.

Swali la uchambuzi huu ni moja: ndege hao wa mwisho wa kiangazi wanatazamwa na nani, na kuwatazama kunaweza kutufaa nini sisi tunaoishi ndani ya bonde hili? Jibu langu nalitoa mapema. Matembezi ya kutazama ndege kwa miguu, yakifanywa na wenyeji, mahali palepale na majira yaleyale kila mwaka, ni moja ya vipimo vya bei nafuu kabisa vya afya ya Ziwa Rukwa. Kipimo hicho kiko mlangoni petu na hatujakitumia inavyostahili.

Misimu miwili, tope moja

Kule kaskazini ya dunia, Agosti ni mwisho wa majira ya joto. Wadudu wanapungua, siku zinafupika, na ndege waliokwenda huko kuzaa wanafunga safari ya kurudi kusini. Kwetu Nyanda za Juu Kusini, mwezi huohuo kiangazi kimekolea. Mvua za Mbeya ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Ikifika Septemba mito imenywea. Songwe na Lupa zinapita katikati ya mchanga mpana, na ziwa limerudi nyuma likaacha tope wazi. Songwe ninayoisema hapa ni ile inayoingia Rukwa, siyo ile ya mpakani mwa Malawi inayokwenda Ziwa Nyasa. Kwa hiyo ndege hawa huondoka kule chakula kinapokwisha, wakafika huku kinapofunuliwa na maji yanayopungua.

Ni vizuri kulinganisha na pwani, kwa sababu watu wengi wakisikia habari za ndege wa matopeni hufikiria bahari. Mfano mkubwa wa Tanzania ni delta ya Rufiji, yenye msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki, iliyo ndani ya eneo la Ramsar, yaani ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, la Rufiji-Mafia-Kilwa lililotangazwa mwaka 2004. Sehemu ya maji ya delta hiyo yanatoka kwetu: mvua inayonyesha kwenye milima inayozunguka Usangu huingia Ruaha Mkuu, kisha Rufiji, kisha bahari. Mvua inayonyesha upande wa pili wa milima hiyohiyo huenda Rukwa. Mkoa mmoja unalisha ndege wa bahari na ndege wa ziwa.

Tofauti yao ni mwendo wa maji. Rufiji bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na anayekwenda kutazama ndege hupanga saa zake kwa kufuata bamvua na maji mafu. Rukwa haina kupwa wala kujaa kwa namna hiyo. Tope lake hufunuka mara moja kwa mwaka, taratibu, wiki baada ya wiki, kuanzia Juni hadi mvua za Novemba. Kutokana na hilo tunapata mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, anayekwenda Machi atakuta nyasi zimezama na ndege wametawanyika, akarudi akidhani hakuna kitu. La pili ni muhimu zaidi: anayepita njia ileile Agosti, Septemba, Oktoba na Novemba ataona ukanda wa tope mbichi ukihama pamoja na maji, na ndege wakiufuata. Tope likikauka huwa gumu, wadudu na konokono waliomo hufa au huzama chini, na mdomo wa ndege hauwezi tena kupenya. Hivyo ndege wa ukingoni humwonyesha mtazamaji mahali ziwa lilipo hai wiki hiyo.

Ziwa lisilo na pa kutokea

Rukwa liko ndani ya Bonde la Ufa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, kwenye mwinuko wa mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari. Mito inaingia, kama Songwe, Lupa, Momba, Rungwa na Kavuu, lakini hakuna mto unaotoka. Maji huondoka kwa kuvukizwa na jua. Ndiyo maana yana magadi kiasi, na ndiyo maana ziwa hupanuka na kusinyaa kuliko maziwa yetu mengine makubwa. Mwaka 1929 lilikuwa na urefu wa kilomita 48 hivi tu. Miaka kumi baadaye, mwaka 1939, lilikuwa limefika kilomita 128. Mwambao wake hauna mstari wa kudumu. Kijiji kinaweza kuwa ufukweni kizazi hiki, na kizazi kijacho kikawa mbali na maji au kikafikiwa na maji.

Ziwa la namna hii ni gumu kwa binadamu na zuri kwa ndege wa matopeni. Maji mafupi yanayosogea huku na huko kwenye tambarare pana huacha eneo kubwa sana la tope kwa kila sentimita chache za kushuka kwa kina. Milango ya mito ndiyo yenye utajiri zaidi, kwa sababu hapo mto hupunguza mwendo, hutua mchanga na udongo laini, na maji yake matamu hukutana na maji ya magadi.

Lakini sifa hiyohiyo ndiyo hatari yake. Kinachoingia Rukwa hakina mto wa kukitoa. Udongo unaobebwa kutoka machimboni, mabaki ya dawa za mashambani na zebaki inayotumika kukamatia dhahabu vikishafika ziwani hubaki humo, isipokuwa kile kinachoondoka ndani ya samaki kwenye magari ya wachuuzi na ndani ya miili ya ndege. Bonde la aina hii linahitaji macho ya karibu kuliko bonde linalomwaga maji yake baharini.

Nani yuko ukingoni

Tuanze na mgeni mdogo kuliko wote. Yuko kitwitwi mmoja ambaye wataalamu humwita Calidris minuta. Ana uzito wa gramu 25 hivi, na Makongolosi hakuna asiyejua gramu 25 ni kiasi gani kiganjani. Wengine wa jamii hii huzaliana kwenye rasi ya Taimyr, kaskazini kabisa mwa Siberia, na kutoka huko hadi Rukwa ni zaidi ya kilomita 9,000 kwa mstari ulionyooka. Hufika wakiwa na mabaki ya rangi ya kutu waliyovaa wakati wa kuzaa, manyoya yamechakaa. Kwa kawaida wazazi hutangulia. Makinda hufuata baadaye, njia ambayo hawajawahi kuipita, na wengi wao bila mzazi wa kuwaongoza.

Ukikaa kimya mita hamsini hivi kutoka ukingoni, jua likiwa nyuma yako, utaona jinsi tope linavyogawanywa. Kitwitwi huyu mdogo hudonoa juu juu, haraka, akikimbia. Mwenzake mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo, Calidris ferruginea, huuzamisha mdomo mpaka karibu na macho. Ncha ya mdomo huo ina vihisio vinavyotambua mgandamizo, kwa hiyo ndege humgundua mnyoo bila kumwona. Mrefu mwenye miguu ya kijani, Tringa nebularia, husimama kwenye maji yanayofika magotini na kukimbiza vifaranga vya samaki. Ukanda mmoja wa mita chache hulisha aina nyingi kwa sababu kila mdomo unafika kina chake. Ndiyo maana kuhesabu jumla ya ndege hakutoshi. Wale wa midomo mirefu wakipungua huku wa midomo mifupi wakibaki, jambo limetokea chini ya tope.

Ndege wenyeji nao wanastahili macho yaleyale. Kuna kitu mchangani ambacho wapitaji wengi hukikanyaga bila kujua: kiota cha Charadrius pecuarius, ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya manjano iliyofifia na mstari mweusi unaopita jichoni hadi shingoni. Mayai yake hutagwa kwenye kishimo kitupu. Akiona mtu anakuja, kabla ya kuondoka hutumia miguu kuyafukia haraka kwa mchanga, kisha hukimbia pembeni. Anayesimama na kumfuatilia kwa darubini humwona akirudi, akazunguka, akakaa juu ya mahali palipoonekana hapana kitu.

Kwenye visiwa vya mchanga vinavyojitokeza kiangazi huzaliana pia Rynchops flavirostris, ndege ambaye Rukwa ni miongoni mwa maeneo anakojulikana nchini. Sehemu ya chini ya mdomo wake ni ndefu kuliko ya juu. Huruka akigusa uso wa maji, sehemu hiyo ya chini ikipasua maji, na ikigusa samaki mdomo hufunga papo hapo. Mchanga ukichomwa na jua la mchana, mzazi huenda kulowesha tumbo majini na kurudi kuyapoza mayai. Mtu mmoja anayevuta mtumbwi kwenye kisiwa cha aina hiyo saa saba mchana, akakaa nusu saa, anaweza kuua mayai ya kundi zima kwa joto bila kugusa hata moja.

Juu ya hao wako mwari, wanaovua kwa ushirika: hujipanga nusu duara, huswaga samaki kwenye maji mafupi na kuinamisha vichwa kwa pamoja. Wako mnandi, korongo wa aina kadhaa, kwarara, domomwiko, yangeyange, bata bukini, na furukombe anayelia juu ya mti mkavu. Mvuvi wa Rukwa anawasoma hawa kila siku. Anajua kwamba mahali mwari wanapojikusanya ndipo samaki walipo. Maarifa hayo yapo tayari. Kinachokosekana ni daftari.

Waliotazama kabla yetu

Rukwa liliwahi kutazamwa kwa makini sana, lakini kwa sababu ya nzige. Bonde hili ni moja ya vitovu vya nzige wekundu, na balaa lililoanza karibu na mwaka 1930 lilisambaa kusini na mashariki mwa Afrika mpaka katikati ya miaka ya 1940. Mwaka 1949 ikaundwa huduma ya kimataifa ya kudhibiti nzige hao, makao yake Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, Zambia. Wataalamu wake walikaa Rukwa miezi mingi wakitembea kwa miguu na kuandika. Mmoja wao, Desmond Vesey-FitzGerald, ndiye aliyeeleza mwaka 1960, kwa kutumia bonde hili, jinsi wanyama wanavyopokezana malisho: wakubwa hupondaponda nyasi ndefu, wa kati hufuata, wadogo humalizia machipukizi. Maelezo hayo yaliingia katika elimu ya malisho ya Afrika Mashariki nzima. Yalipatikana kwa kutembea mahali pamoja, majira kwa majira.

Baadaye ndege walipata orodha zao. Mwaka 2002 Neil na Elizabeth Baker walichapisha kitabu cha maeneo muhimu kwa ndege nchini, kupitia Chama cha Kuhifadhi Wanyamapori Tanzania, na Rukwa limo. Tangu 1991 nchi za Afrika zimekuwa na sensa ya ndege wa majini kila Januari, chini ya uratibu wa Wetlands International. Tanzania imo katika mkataba wa kuhifadhi ndege wa majini wahamao wa Afrika na Eurasia, AEWA, tangu ulipoanza kutumika tarehe 1 Novemba 1999. Ina maeneo manne ya Ramsar: Malagarasi-Muyovozi, bonde la Ziwa Natron, uwanda wa mafuriko wa Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa.

Rukwa halimo katika hayo manne. Mikataba ipo, orodha zipo, lakini ziwa lenyewe halina jina hilo la kimataifa wala kundi la wenyeji linalojulikana kwa kulihesabia ndege kila mwaka. Sensa ya Januari pia ina upungufu kwa bonde hili, kwa sababu Januari ni masika. Maji yamepanda, barabara za bondeni zimeharibika, na tope limefunikwa. Hesabu inayolifaa zaidi Rukwa ni ile ya Septemba na Oktoba.

Dhahabu, tumbaku na mpunga

Sasa tuje kwenye kiini. Uchimbaji mdogo wa dhahabu unawaajiri watu wengi mno kiasi kwamba mhifadhi yeyote anayetaka ufungwe anapoteza muda wake. Lakini namna ya kuchenjua ina gharama inayoshuka na mto. Zebaki huchanganywa na mchanga uliosagwa, hukamata dhahabu, kisha huchomwa. Mvuke wake huingia kwenye mapafu ya mchomaji na mwingine hutua ardhini. Nyingine hubaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, na kusombwa na mvua. Kwa makadirio ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2018, uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki inayoingia hewani kutokana na shughuli za binadamu duniani, karibu asilimia 38. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na ikabeba wajibu wa kupunguza matumizi hayo.

Ikifika kwenye tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, na hiyo ndiyo inayopanda ngazi ya chakula. Wadudu wa majini hupata kidogo, samaki wadogo zaidi kidogo, samaki wakubwa zaidi, na wanaokula samaki wakubwa hupata nyingi kuliko wote. Kileleni mwa ngazi hiyo wako furukombe, mnandi na mwari. Yuko pia mama mjamzito anayekula kambale na magege wa Rukwa, na mtoto aliye tumboni, ambaye ubongo wake ndio unaodhurika upesi.

Hapa ndege anakuwa shahidi anayeweza kuhojiwa. Manyoya yanapoota hupokea zebaki iliyomo kwenye damu na kuihifadhi. Unyoya wa mnandi au yangeyange uliookotwa chini ya mti wa viota, ukafungwa kwenye bahasha yenye tarehe na jina la mahali, unaweza kupimwa maabara bila kumkamata wala kumdhuru ndege. Unyoya wa kinda unafaa zaidi, kwa sababu kinda amelishwa samaki wa karibu na kiota, na kipimo chake kinalisemea eneo hilo. Bonde lina Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa, yenye makao yake Mbeya, na nchi ina Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Njia ya kuunganisha bahasha ya mwanafunzi na maabara si ndefu.

Zebaki haiko peke yake. Tumbaku ya Chunya hukaushwa kwa kuni, na misitu ya miombo inayokatwa kwa ajili ya mabani huacha udongo ukisombwa na mvua za kwanza. Mifugo mingi imehamia bondeni katika miongo iliyopita na hukanyaga kingo zilezile ambako viota vimo. Na upande wa mpunga kuna vita ya kwelea kwelea. Mmoja hula takribani gramu 10 za nafaka kwa siku, kwa hiyo kundi la milioni moja hula tani 10. Mkulima anayepoteza jaruba zima kwa siku mbili ana kila sababu ya kuomba ndege ya kunyunyizia dawa. Dawa inayotumika, fenthioni, huua pia ndege wengine waliolala kwenye matete hayo, na huwaumiza korongo na vipanga wanaokula mizoga. Hao ndio wanaowala kwelea kwelea. Watazamaji wanaojua makundi yamelala wapi, na ni aina gani nyingine ziko pamoja nayo, wanaweza kumsaidia afisa kilimo kuchagua mahali na usiku wa kunyunyiza.

Kwa nini hatutembei

Sababu ya kwanza ndiyo hiyo niliyoigusa: kwa mkulima wa Usangu au wa Songwe, ndege ni hasara. Sababu ya pili ni kwamba kutazama ndege kumeonekana ni shughuli ya mgeni mwenye gari, kofia na darubini ya bei kubwa. Kitabu kinachotegemewa zaidi, kile cha Terry Stevenson na John Fanshawe cha mwaka 2002, ni cha Kiingereza. Sababu ya tatu ni ya kweli kabisa na haipaswi kupuuzwa: Rukwa lina mamba na viboko wengi. Matembezi ya ukingoni bila mwenyeji anayejua njia za viboko na mahali mamba wanapoota jua ni uzembe.

Hata hivyo vikwazo hivi vinapungua. Lami imefika Makongolosi, na njia ya kutoka Mbeya kwenda Galula na Mkwajuni inajulikana. Programu za simu za kutambua ndege hupatikana bure, na eBird, iliyoanza mwaka 2002, hupokea orodha ya mtu yeyote na kuihifadhi pamoja na mahali na saa. Darubini moja ya kawaida, yenye maandishi 8x42, yaani inayokuza mara nane kwa lenzi ya milimita 42, inatosha kwa kundi la watu watano wanaopokezana.

Wenzetu walivyofanya

Nairobi kuna matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi, yanayoanzia Makumbusho ya Taifa chini ya Nature Kenya. Fleur Ng'weno alianza kuyaongoza mwaka 1971. Vijana wengi waliokuja kuwa waongoza watalii na watafiti walianzia hapo. Siri yake ni siku isiyobadilika.

Kwenye hori la Mida, karibu na Watamu, A Rocha Kenya ilijenga njia ya mbao inayoning'inia kati ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia ndege. Mapato yake yanaingia katika mpango ulioanza mwaka 2001 wa kuwasomesha watoto wa sekondari wanaoishi kando ya hori hilo na msitu wa Arabuko-Sokoke. Mzazi anayejua karo ya mwanawe inatoka kwa ndege wa matopeni hahitaji kuhubiriwa.

Uganda, kwenye ghuba ya Mabamba katika Ziwa Victoria, wavuvi waliamini kwamba kumwona korongo-nyangumi asubuhi kunaleta mkosi wa samaki, na walikuwa wakimuua. Leo wavuvi hao na watoto wao ndio wanaowapeleka wageni kwa mitumbwi kumtazama, na ghuba imekuwa eneo la Ramsar tangu 2006.

Mifano hii mitatu ina funzo moja linalotuhusu. Hakuna hata mmoja ulioanza na hoteli. Yote ilianza na watu wa mahali wanaorudi palepale, kisha pesa zikafuata, pengine kidogo. Rukwa haitapata umati wa watalii wa Serengeti, na mpango wowote unaojengwa juu ya tumaini hilo utaanguka. Faida yake kubwa ni taarifa, na taarifa hiyo ni ya samaki, maji na watoto wetu kabla ya kuwa ya ndege.

Kianzwe nini

Naona hatua nne zinazowezekana kwa nguvu za hapahapa. Kwanza, zichaguliwe njia chache za kudumu, kila moja ya kilomita mbili au tatu, kwenye mlango wa Songwe na mlango wa Lupa, zikapitwe alfajiri mara moja kwa mwezi kuanzia Agosti hadi Novemba. Siku ya Ndege Wahamao Duniani, ambayo mwezi Oktoba huangukia Jumamosi ya pili, iwe siku kuu ya hesabu hiyo.

Pili, waongozaji wawe wavuvi wa vikundi vya ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, na walipwe posho kwa kazi hiyo. Wao ndio wanaojua mamba wako wapi na mwari wamehamia wapi. Shule ziwape wanafunzi wa klabu za Malihai, harakati iliyoanza nchini mwaka 1980, kazi ya kuandika na kukusanya manyoya.

Tatu, daftari liwe la Kiswahili na lisiwe na mambo mengi: tarehe, saa, umbali wa maji kutoka nguzo ya alama, aina zinazojulikana bila shaka, idadi, na safu ya "sijamtambua" yenye maelezo ya mdomo, miguu na rangi. Aina ishirini zinazohesabiwa vizuri kila mwaka zina thamani kuliko mia zinazobahatishwa mara moja. Nakala iende Bodi ya Maji, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI) na halmashauri husika za Chunya na Songwe.

Nne, kanuni za ukingoni zifuatwe na watazamaji wenyewe kabla ya kumwambia mtu mwingine. Visiwa vya mchanga visikanyagwe kuanzia Agosti hadi mvua, kundi lisikaribiwe mpaka liruke, na picha ya kiota isigharimu mayai.

Wachenjuaji wa Makongolosi nao wana sehemu yao. Chombo cha kunasia mvuke wa zebaki wakati wa kuchoma kinajulikana na humlinda kwanza anayekitumia. Marudio yakizungushiwa tuta kabla ya Novemba hayashuki mtoni kwa mvua ya kwanza. Hesabu ya ndege kwenye mlango wa Lupa itawaonyesha kama juhudi hizo zinafika ziwani, mwaka hadi mwaka, kwa ushahidi ambao mtoto wa darasa la sita anaweza kuukusanya na afisa wa wilaya hawezi kuupuuza.

Kwa hiyo wito wangu ni kwa walimu, viongozi wa vikundi vya wavuvi na madiwani wa bonde hili. Msisubiri mradi kutoka nje. Agosti ijayo chagueni ukingo mmoja, darubini moja na daftari moja, mtembee, mhesabu, na mwaka unaofuata mrudi palepale. Ziwa lisilo na mto wa kutokea linahitaji watu wasioliacha.